Wimbo Niliouuza Mara Tisa

Sehemu ya Saba

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, sijui nimwonee huruma au nimwonee wivu. Nitampa kwa ufupi ili twende pamoja.

Mimi ni mtunzi wa nyimbo za kuagizwa. Ukitaka kuoa, ukitaka kumuaga mkuu wa shule, ukitaka kufungua duka la magodoro, unakuja kwangu, nakutungia wimbo na naja kuupiga mwenyewe kwa kinanda. Sasa nchi inatafuta wimbo mmoja wa kwenda kutuwakilisha kwenye mashindano ya mataifa. Katika nyimbo mia tatu na kitu zimebaki tano. Mmoja anauimba binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku, na mtunzi wake, kwa fomu niliyoijaza kwa mkono huu huu, ni mimi.

Kifungu cha tisa cha fomu ile kinasema wimbo uwe haujawahi kusikika mbele za watu. Nilitia sahihi bila kukisoma. Nilipokuja kukisoma, Chiriku ameshaingia tano bora, na mimi wimbo wenyewe nilishaupiga kwenye harusi tisa.

Niliwaacha nimeshika simu, jasho linanitoka. Nilikuwa nimetumiwa video ya sekunde kumi na mbili. Bibi harusi anaingia ukumbini, kinanda kinalia, na sauti yangu mimi inaimba jina lake. Chini yake ujumbe: "Mwalimu, unanikumbuka? Njoo dukani kesho tuongee."

Nilikwenda. Lakini kwanza niwape ya asubuhi, maana nisipoyasema hayo mtadhani mengine yaliniangukia kutoka juu.

Ilikuwa Alhamisi. Fainali Jumamosi. Chiriku alikuwa anapiga pasi gauni lake juu ya meza ya chakula.

"Baba, majaji wanasema wimbo unakatika mwishoni."

"Unakatika vipi?"

"Wanasema unapanda vizuri, halafu unasimama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amekuja kuchukua nini."

Nikacheka. Majaji hawakukosea. Mabibi harusi wote tisa waliniambia hivyo hivyo, na kila mara niliuziba mwisho ule kwa kukipiga kinanda kwa nguvu mpaka watu wakapiga makofi.

"Ukifika pale vuta pumzi, ongeza sauti," nikamwambia. "Hakuna atakayejua."

"Kuna mtu ananisaidia."

"Nani?"

"Wa huko huko mazoezini." Akaligeuza gauni. "Baba, huna la kuniambia?"

"La nini?"

"Lolote."

"Kunywa chai kabla hujatoka."

Aliniangalia, pasi iko juu ya kitambaa, mpaka nikahofia gauni litaungua. Kisha akaichomoa pasi ukutani.

"Nitakuwa jengo la redio mpaka saa kumi," akasema. "Saa kumi wanafunga mafaili ya fainali. Ukiwa na la kusema, unajua nilipo."

Nikajifanya hamnazo. Alipotoka nilitaka nikae na kinanda changu kikubwa nitulize roho, nikakumbuka hakipo. Chiriku alikibeba kwenda mazoezini mwezi mzima sasa, kinanda na kasha lake. Nikazungukazunguka nyumbani mpaka mchana, ndipo nikavaa viatu, nikaenda kukutana na bibi harusi.

Njia nzima nilikuwa nimeshaamua kwamba ninakwenda kukabwa. Mtu anayekutumia sekunde kumi na mbili za siri yako hakutumii salamu. Anataka kitu, na ataongeza kila wiki. Nilijiandaa kubembeleza, nikajiandaa hata kulia, kwa sababu kilichokuwa mezani si mimi. Ni Chiriku. Video ile ikimfikia katibu wa kamati, mtoto anafutwa fainali siku mbili kabla ya kuimba, na nchi nzima inajua amefutwa kwa udanganyifu.

Bibi harusi yule siku hizi anafanya kazi kwenye duka la miwani. Nilimkuta amevaa koti jeupe, anakaza skrubu ya fremu kwa bisibisi ndogo ya ncha ya sindano. Aliponiona aliiweka bisibisi chini, akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu. Nilijua utakuja. Kaa."

Kiti kilichokuwa wazi ni kimoja tu, kile cha kupimia macho. Nikakaa. Mbele yangu ubao wa herufi, kubwa juu, chini zinazidi kuwa ndogo.

"Kabla hujasema," nikaanza, "mimi ni mzazi. Kosa ni langu, mtoto hana hatia."

"Kosa gani tena?" Akavuta stuli. "Mwalimu, mimi tangu nilipousikia ule wimbo redioni sina usingizi kwa furaha. Nilimwambia mume wangu, huo ni wimbo wetu. Akasema acha, nyimbo zinafanana. Nikamtolea video. Aliketi pale pale sakafuni."

Nilimtazama usoni nitafute hila. Hakuwa nayo hata chembe.

"Kwa hiyo unataka nini kwangu?"

"Nitake nini? Nataka mshinde." Akacheka. "Ila nilikuwa na ombi dogo. Pale kwenye jina langu mmeweka 'mpenzi'. Sawa, naelewa, huko ng'ambo nani ananijua. Lakini si mngesema hata pembeni kwamba ulitungwa kwa ajili yangu? Nikaona uko na mambo mengi, nikakusaidia."

"Ukanisaidia vipi?"

"Walitangaza redioni, mwenye kumbukumbu yoyote ya nyimbo za fainali aitume kwa kamati. Nikawatumia video nzima, dakika sita. Na barua. Nikawaandikia, huu wimbo nilitungiwa mimi, miaka minne iliyopita, siku ya harusi yangu, na watu mia mbili walikuwepo."

Herufi za ubaoni zilianza kuogelea, hata ile kubwa ya juu.

Adui unajua cha kumfanya. Anayekumaliza kwa mapenzi unamfanya nini? Nilibaki kumshukuru.

"Wamekujibu?" nikauliza.

"Leo asubuhi. 'Asante, tumepokea.'"

Ikabidi nimweleze kifungu cha tisa. Nilikieleza polepole, na kila neno lilikuwa linamtoa furaha usoni. Mwishoni alikuwa amejishika mdomo.

"Nimemharibia mtoto."

"Nimemharibia mimi."

"Subiri." Alisimama, akatembea mpaka kwenye kabati la vioo, akarudi. "Nitawapigia. Nitasema nimekosea. Nitasema wimbo wangu ulikuwa mwingine, unafanana tu, na ile video sauti yake mbovu. Nani atabisha? Ulinitungia mimi peke yangu. Nikisema si huu, si huu."

Wasomaji wangu, hapo mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mwaminifu, asiyenidai chochote, alikuwa tayari kusema uongo kwa ajili ya mwanangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kusema asante. Nimenyamaza kwenye mambo makubwa kuliko hilo.

Lakini lile neno "peke yangu" lilinikaa kooni.

"Hukuwa peke yako," nikasema.

"Nini?"

"Ule wimbo. Wako mabibi harusi wengine, na kila mmoja ana video yake. Ukikana wewe, atatokea mwingine."

Alikaa tena kwenye stuli. Akavua miwani yake, akaanza kuifuta kwa pindo la koti.

"Mimi nilikuwa wa ngapi?"

"Wa sita."

"Mwalimu, nilikaa nyumbani kwako saa mbili nzima. Nilikusimulia tulivyokutana, kituo cha basi, mvua, mwavuli wa mtu tusiyemjua. Nikalia. Ukanipa kitambaa. Ulikuwa unaandika muda wote."

"Niliandika."

"Uliandika nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilichoka.

"Jina lako. Nilikuwa nahesabu silabi."

Nikaendelea, maana mtu akianza kutapika hachagui. Nikamwambia jina lake lilikuwa na silabi tatu, likaingia bila taabu. Nikamwambia wa nane alikuwa na tano, ikabidi tumkate jina, na mama yake hajanisalimia mpaka leo.

"Na ubeti wa mvua?" akauliza.

"Ulikuwepo tangu wa kwanza. Kila mtu husema walikutana kwenye mvua."

Alivaa miwani, akanitazama kupitia vioo safi kabisa. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na siku za haya ninazo nyingi, wiki sita nimewahesabia.

"Na wa kwanza alikuwa nani? Yule uliyemtungia kweli."

Nikageuza macho kwenye ubao wa herufi.

"Hata hilo hulijui," akasema. "Nipishe kiti, Mwalimu. Kuna mteja anasubiri."

Nikatoka. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tisa.

Alikosea jambo moja. Nilikuwa namjua wa kwanza. Na ninyi mnaonisoma kila wiki mnanidai jibu lile lile, kwa sababu nimewaambia mara sita kwamba mimi ndiye mtunzi wa wimbo ule, nanyi mkaniamini.

Sikuutunga.

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani. Alifanya kazi sebuleni, karibu na dirisha, na alikuwa na mazoea ya kubana pini midomoni wakati akishona. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuimba maneno, basi alikuwa anavumisha tu, mdomo umefungwa, mguu unakanyaga cherehani. Ule wimbo ulikuwa wake. Ulipanda, ukafika mahali, halafu pini zikaisha, akawa anaongea na mteja. Mimi nilikuwa chumba cha pili na kinanda changu, sina kazi wiki ya tatu, bibi harusi wa kwanza anakuja kesho yake.

Nikaupiga harusini. Mama Chiriku alikuwepo, gauni la bibi harusi alilishona yeye. Tuliporudi nyumbani akaniuliza, kwa upole tu, "Ule si wangu?"

Nikamjibu, "Cha nyumbani ni chetu sote."

"Kingekuwa chetu sote, na mimi ningetajwa," akasema.

Tangu siku ile hakuvumisha tena nikiwa karibu. Mwisho wa wimbo sikuupata. Mwaka haukuisha akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo, mji mwingine, akataka aende na mtoto. Nikakataa. Tulivutana, nikashinda, kwa sababu nilipiga kelele zaidi. Chiriku alikuwa na miaka minne. Alipokua akaanza kuuliza, nikamwambia mama yako amekwenda asikotaka kutafutwa.

Zilikuja barua nne, zimeandikwa jina la mtoto. Sikuzifungua. Sikuzichoma pia, huo nao ni woga wa aina yake. Nilizificha mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haufiki.

Nikiwa njiani kwenda jengo la redio nilikuwa na mpango mmoja tu. Mficha uchi hazai. Nitamwona katibu wa kamati kabla ya saa kumi, nitasema video ni ya kweli, aliyedanganya ni mimi, mnifungie maisha, lakini mtoto mwacheni aimbe. Ya mama yake nitayabeba mwenyewe mpaka kaburini. Nilijiona shujaa mwenye kiasi.

Saa tisa na nusu nilikuwa mbele ya Katibu. Mama wa makamo, kalamu tatu ameziweka mstari mmoja mezani. Ukuta wa ofisi yake ni mbao nyembamba, na upande wa pili kulikuwa na watu wanafanya mazoezi, sauti zinapita.

"Nimekuja kwa habari ya video," nikasema.

"Ya dakika sita."

"Mmeiona."

"Tumeiona yote. Umeimba vizuri, mwisho tu umepiga kelele."

"Mama, mtoto hajui lolote. Nimemdanganya yeye kama nilivyowadanganya ninyi. Lifuteni jina langu, yeye abaki."

"Jina lako liko wapi, mzee?"

"Kwenye mstari wa mtunzi."

Akafungua faili, akaligeuza linitazame. Mstari wa mtunzi ulikuwa na jina jingine, na mwandiko niliujua kabla sijalisoma. Niliuona mara nne, juu ya bahasha nne.

Nikaligusa lile jina kwa kidole.

"Fomu ilirekebishwa wiki tatu zilizopita," Katibu akasema. "Binti yako alikuja na barua. Anasema alizikuta kwenye kasha la kinanda, chini ya kile kitambaa cha ndani. Kitambaa kilichanika walipokuwa wanapandisha kinanda jukwaani."

Mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Nililibeba mwenyewe lile kasha mpaka mlangoni, nikampa mtoto, nikamwambia alitunze.

"Anasema zilikuwa hazijafunguliwa," Katibu akaongeza.

"Ndiyo."

"Miaka kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Katika moja mama yake ameandika, mwambie baba yako akuimbie ule wimbo wangu wa cherehani, na kama hajui mwisho wake, mje niwafundishe." Alilifunga faili taratibu. "Mimi nina watoto watatu, mzee. Sitasema ninalolifikiria."

Nikauliza lile moja lililobaki. "Kwa hiyo Chiriku amefutwa?"

"Inategemea. Kifungu cha tisa kina mkia, watu hawausomi." Akavuta karatasi kutoka kwenye mtoto wa meza. "Wimbo ukipigwa mahali bila ruhusa ya mtunzi, hauhesabiwi kuwa umeshasikika. Lakini aliyeupiga lazima akiri kwa maandishi. Na kwa kuwa watu mia mbili walikuwepo kwenye ile harusi, maelezo yake yatasomwa hewani Jumamosi, kabla binti hajaimba, ili asije mtu kulalamika baadaye."

Karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa. *Mimi*, halafu nafasi tupu, *nakiri kwamba wimbo huu si wangu. Niliuchukua kwa mke wangu bila ruhusa yake, nikauuza, na sikuwahi kumtaja.*

"Mbona jina hamkuandika?" nikauliza. "Si mnalijua?"

"Tulitaka kuandika tumalize. Binti akakataa. Akasema nafasi hiyo baba yake aijaze mwenyewe, na mtu yeyote asimwite, asimpigie simu, asimwambie neno. Atakuja." Katibu alitazama saa. "Wiki tatu kila siku ananiuliza kama umekuja. Mimi, kusema kweli, nilishamwambia hutakuja."

Nikakumbuka pasi juu ya gauni. *Baba, huna la kuniambia?*

"Nisipoandika?"

"Saa kumi nafunga. Jumamosi wataimba wanne."

Wanasema za mwizi ni arobaini. Mimi sikuzifikisha hata kumi. Nikawaza mabibi harusi tisa wamekaa mbele ya redio, na waume zao, na mama wa yule wa nane. Nikamwaza yule wa miwani. Hakuna atakayeniagiza wimbo tena, hata wa duka la magodoro. Lakini hilo nilikuwa tayari nalo. Nililoshindwa nalo ni kwamba Chiriku atasimama jukwaani, ayasikie maneno yale yakisomwa, halafu aimbe, na mimi nitakuwa nani kwake akimaliza.

Ndipo wimbo ukaanza upande wa pili wa mbao.

Walikuwa wawili. Sauti ya juu ni ya Chiriku, naijua kama njia ya nyumbani. Ya chini haikuwa na maneno, ilikuwa inavuma tu, mdomo umefungwa. Ulipanda ukafika pale, mahali pale pale ninapopiga kelele. Nikajikaza kuusubiri ukatike.

Haukukatika. Ulishuka. Miaka yote nilikuwa nausukuma juu, kumbe ulikuwa unataka kushuka, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka ukakaa chini ukapumzika.

Nililia mbele ya Katibu. Sina cha kuficha tena.

"Saa kumi kasoro dakika nane," akasema. Akanisukumia kalamu moja kati ya zile tatu.

Nikaishika. Upande wa pili pakawa kimya. Kiti kikasogezwa, kisha nikasikia hatua za watu wawili ukumbini. Za mmoja zilikuwa za haraka. Za mwingine ziliburuta kidogo mguu wa kulia, mguu wa kukanyagia cherehani.

"Wanakuja kuniuliza kama umekuja," Katibu akasema, bila kuinua macho. "Leo nitawajibu nini, mzee? Umekuja, au umepita tu?"

Kitasa kikazunguka. Kwenye ile nafasi tupu nilikuwa nimeandika herufi moja.